Wifi na Nyanya Zilizojikunja

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, hakungoja siku ya tatu. Alipofika Kindu kutoka Kisangani, alikosomea kilimo, alitua sanduku lake mlangoni, akaomba jembe, akaenda kusimama katika bustani yangu ya nyanya nyuma ya nyumba. Akaitazama kwa furaha, kama mtu aliyeandaliwa karamu. Mimi bustani ile ilikuwa inaniliza.

Nyanya ndizo zilizokuwa zinatulisha. Nilikuwa naziuza katika soko la Kasuku, na nilijulikana kwa nyanya kubwa. Msimu ule majani yalijikunja, yakageuka manjano, miche ikadumaa, maua yakapukutika. Majirani walisema ni kijicho. Wifi alitikisa tawi moja, wakaruka wadudu weupe wadogo kama unga wa muhogo uliopulizwa. Akanieleza kwamba hao ndio wanaobeba ugonjwa kutoka mche hadi mche, na kwamba mche ukishaugua hakuna dawa ya kuuponya. Basi nikasema ning'oe yote nichome.

"Acha, wifi," alisema. "Ngoa ingine, lakini huu mustari wa katikati unibakishie. Iko na kazi."

Kazi gani, Mungu wangu! Nilimwona mwanamke mwenye akili timamu akiimwagilia maji miche iliyokufa nusu, kila asubuhi, kwa upole ambao hata kaka yake hakuwahi kuupata kwake. Nilimwambia anafuga ugonjwa. Akakubali mara moja: ndiyo, anaufuga. Alitaka mche utakaosimama katikati ya wagonjwa bila kuugua, na hauwezi kujulikana kama wagonjwa hawapo. "Muficha maradhi, kilio humuumbua," alisema, akaendelea kumwagilia.

Kando ya reli kulikuwa na vinyanya vya kujiotea, vidogo kama vidonge, vichachu, wateja wake ni ndege. Hivyo havikujikunja. Wifi akavipanda nyumbani. Halafu alichukua kibanio changu cha nyusi, akafungua ua la nyanya yangu kubwa kabla halijachanua, akalitoa sehemu zake za kiume moja moja bila kulichubua, akapaka ndani yake vumbi la ua la kinyanya kile. Mwisho alifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili asilisahau. Niliwahi kuona mafundi wa dhahabu, lakini mikono iliyotulia vile sikuwa nimeiona.

"Weye mwenyewe hauyaolewa, unaozesha tomati?" nilimtania.

"Bwana wa hii haombake chakula," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Matunda ya wale wana wa ndoa ile yalikuwa madogo na makali, hata mbuzi alitema. Mimi nilicheka, yeye akawaozesha wana hao tena kwa nyanya kubwa, akasia mbegu zake, akapanda miche kandokando ya ule mstari wa wagonjwa. Wadudu wakaifuata. Mmoja ukajikunja, na mwingine, na mwingine, na kila ulipougua alitikisa kichwa kama mwalimu anayepokea jibu, hakusononeka hata kidogo. Mwishowe ulibaki mmoja tu. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani, na ulibeba matunda ya kujaa kiganja. Yalikuwa bado mabichi, mbegu zake ndani maji matupu. Ukikatwa wakati ule, kazi yote ya wifi imekwisha.

Ndipo wifi akaitwa Kibombo kwenye msiba. Aliniachia mche ule kama mtu anavyoacha mtoto, na Jumamosi ikafika salongo.

Salongo, enzi zile za chama kimoja, ilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha mji. Kiongozi wa chama wa mtaa wetu alipita nyumba kwa nyumba na vijana wenye mapanga, na mwenye uchafu uwanjani alikuwa na kesi. Nilimsikia kwa jirani. Nikaitazama bustani yangu kwa macho yake: miche ya manjano, iliyokunjamana, imekufa wima. Nani angeamini kwamba hii ni elimu? Nilikuwa nimeomba ing'olewe tangu mwanzo, na sasa wang'oaji wamekuja wenyewe. Lakini akilini nilimwona wifi ameinama pale na kibanio changu. Nikakimbilia ndani, nikatoa kitenge changu cha sikukuu za chama, chenye picha ya Rais kila mahali, nikakifunga kwenye vijiti kuzunguka mstari mzima.

"Sitwayeni, hii uchafu ni ya nini?" kiongozi aliuliza; sitwayeni ni raia, ndivyo chama kilivyotuamuru kuitana. "Toa kitenge, vijana wakate."

"Toa weye, sitwayeni. Mi mikono iko na matope, siwezi kumushika Rais na matope."

Vijana waliangalia mapanga yao. Kiongozi aliangalia zile sura za Rais kwenye kitenge, nazo zote zilikuwa zinamwangalia yeye. Akasema salongo ya siku ile ilikuwa hasa ya barabara, wakaenda.

Wifi aliporudi alikwenda kwenye mche kwanza, hata maji hajanywa. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Matunda yalipoiva alizikamua mbegu, akazikausha kwenye sahani, na nyama yake akanipa nionje. Ilikuwa nyanya hasa. Misimu iliyofuata aliendelea kuchagua, na nikarudi sokoni na nyanya zangu kubwa.

Wifi ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyeweza kumtazama adui kwa utulivu vile hadi amwelewe. Mbegu zake ninazo, na kila msimu, katikati ya bustani, napanda mstari mmoja wa ile nyanya ya zamani isiyo na kinga. Unajikunja, unageuka manjano. Wapita njia hunionea huruma, huniambia, "Mama, ngoa hizi, zimekufa."

"Acha," nawajibu. "Ziko na kazi."

Na asubuhi nikichota maji, naanza kwa hizo.