Nilivyoisifu Siku ya Tatu

Nikueleze taratibu, nawe cheka tu. Mimi ni mhadhiri Ifakara, na bila cheti cha mafunzo ya ufundishaji sipandi cheo. Siku zote tatu za mafunzo nilikuwa shambani Michenga, bondeni, nikipigia kelele ndege waliovamia mpunga wangu. Mwenzangu alinisainia mahudhurio. Niliporudi nikajaza dodoso lisilo na jina: "Nimeridhika sana, hasa siku ya tatu."

Kikaoni mkuu wa idara akalisoma kwa sauti. "Mwezeshaji aliugua, tukaishia siku ya pili. Nani huyu?"

Nikakurupuka: "Mimi simo!"

Sauti ilitoka imekauka kama ya jogoo mgonjwa. Msimu huu, bonde zima linaijua sauti hiyo.

"Pole, mwalimu," akasema mkuu. "Ndege wameondoka?"