Boneti Iliyopakwa Mawese

Siku yangu ya kwanza kazini niliuliza maswali kumi na moja kabla ya saa nne, na Shefu alijibu moja. Alikuwa amenipa mlango wa pikapu, kitambaa chembamba cha kuweka chini ya kiganja, na amri ya kutafuta mahali palipobonyea nikiwa nimefumba macho. Nikauliza kwa nini nifumbe.

"Macho inadanganyaka," alisema. "Mukono haina sababu ya kudanganya."

Sikuamini. Nilichukua rula ya chuma, nikaisimamisha juu ya bati na kutafuta mwanga unaopita chini yake. Rula ilionyesha mibonyeo mitatu. Kiganja kilikuta minne. Nilirudia na rula, nikauona ule wa nne. Nilifurahi hadi nikasahau chakula cha mchana.

Nilikuwa nimetoka Tanzania, nilikokulia na kusoma, nikiwa na shahada ya kemia ambayo ofisi fulani ilikuwa bado inaitazama kabla ya kuitambua. Wazazi wangu walirudi kwao Muyinga kulima. Mimi nilikwenda Gitega, kwenye gereji ya mtaa wa Musinzira, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusubiri. Shefu, mwenye gereji, alikuwa Mwislamu wa ukoo wa mafundi. Aliniita Iniversite, yaani Chuo Kikuu. Wateja walipouliza msichana huyu anafanya nini humu, alijibu, "Iko anauliza. Akimaliza kuuliza, atafanya kazi."

Mnaoanza kazi hii leo mna mashine za kusugulia. Sisi tulisugua kwa mkono, msasa umefungwa kwenye kipande cha mbao, tukianza na namba themanini inayokwaruza kama paka na kumaliza na mia sita ambayo huisikii. Bati lililobonyea tulilirudisha kwa nyundo, chuma kizito kikiwa kimeshikiliwa upande wa pili. Puti ilikuwa ya kujaza kile tu ambacho nyundo ilishindwa. Juu yake ilikuja praima, rangi ya msingi inayoshika bati. Juu ya praima tulipuliza vumbi jembamba la rangi nyeusi, kisha tukasugua tena. Palipo sawa, weusi uliondoka. Palipo na shimo, weusi ulibaki. Chuo kizima sikuwahi kuona ushahidi mzuri kama ule. Hakuna aliyekuomba uamini chochote; ulisugua, ukaona.

Mwezi wa tano likaletwa gari la spoti. Lilikuwa na milango miwili, la chini hadi ukisimama kando yake humwoni dereva, rangi yake ilikuwa nyekundu zamani. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo wa Muyinga. Alipokimbilia Tanzania aliliacha Gashoho kwa jirani yake, mkulima aitwaye Mzee Bukuru, akidhani atarudi baada ya wiki chache. Miaka ikapita. Mzee Bukuru alilijengea banda la majani ya migomba, na kila msimu wa mvua ulipokaribia akalipaka mafuta ya mawese, kuanzia paa hadi magurudumu, ili kutu isilile.

Shefu alilizunguka mara mbili. Kisha akapiga mluzi. "Iniversite, leta kitambaa yako."

Tulilivua rangi yote hadi chuma. Daktari alikuja kutazama, akatuambia mpango wake: gari likipona, angeliendesha hadi Gashoho na kumpa Mzee Bukuru ng'ombe mbele ya majirani wote. Kwetu ng'ombe wa shukrani si zawadi ya kupokea na kuaga tu. Ni maneno yanayosemwa hadharani, na baada ya hapo nyumba mbili zinakuwa na urafiki ambao watoto wanaurithi. Kwa mtu aliyebaki kijijini miaka yote ile akilinda mali ya mwingine, kulikuwa na nini cha kumlipa zaidi ya hicho?

Shefu alinipa boneti niitayarishe peke yangu. Nilipuliza praima asubuhi, na kabla haijakauka ikaanza kufunguka: vishimo vidogo vya mviringo, kila kimoja na ukingo wake, kama macho yanayonitazama.

"Mafuta," alisema Shefu.

"Ni unyevu wa kompresa," nilisema.

"Sawa, Bi Mukubwa."

Nilikagua kompresa, ile mashine ya hewa ya kupulizia rangi; ilikuwa kavu. Basi nikakubali kuwa ni mafuta, nikaivua boneti upya na kuifuta kwa thina mara tano. Thina inayeyusha mafuta, kila mwanakemia anajua. Nikapuliza tena. Macho yalirudi, mengi zaidi, yamejipanga kando ya ukingo.

Daktari akatokea wakati huohuo. Akauliza kumetokea nini, nami nikamjibu kama anayejibu mtihani: "Mawese ya Mzee Bukuru yameingia kwenye bati. Rangi haishiki."

Aligusa ukingo wa boneti kwa kidole. "Yaani ameliharibu," alisema polepole. "Nilimwachia gari, akalifanya kikaango." Akaingiza mikono mfukoni. "Yule ng'ombe na asubiri kwanza." Akaondoka.

Shefu hakupandisha sauti. "We umesema kweli," aliniambia. "Lakini umesema nusu, na ile nusu imeenda nyumbani kwa mutu."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi nilikwenda Gashoho kumtafuta Mzee Bukuru. Nilimkuta anapalilia maharage. Tuliongea Kirundi, nami hapa nayageuza maneno yake. Sikumwambia habari ya ng'ombe. Nilimuuliza alipakaje.

"Nilichemsha kwanza," alisema. "Yakiwa baridi hayaingii kwenye mikunjo, na kutu inaanzia kwenye mikunjo. Ulidhani napaka juujuu tu, kama mafuta ya mwili?"

Hapo nikaelewa yale macho ya ukingoni. Bati la juu la boneti limekunjwa kulizunguka la chini, na ndani ya mkunjo ule kulikuwa na mafuta ya miaka yote. Kila nilipofuta juu, mengine yalitoka ndani.

"Na ndani ya gari, Mzee? Ulipaka?"

"Ningeingiaje? Ufunguo alikwenda nao. Watu waliniambia nivunje kioo. Nikawaambia mwenye kioo hajafa."

Niliuliza swali la mwisho bila kutegemea jibu: alitoaje mafuta mikononi?

Alinitazama kwa huruma. "Kwa maji ya majivu, mwanangu. Huko Tanzania mlisoma nini?"

Mafuta na majivu. Ndivyo bibi zetu walivyotengeneza sabuni, na mimi nilikuwa nimeandika mlingano wake ubaoni, mbele ya darasa. Nilicheka peke yangu njiani hadi Gitega.

Jumatatu tulichemsha maji ya majivu, tukayachuja, nikavaa glavu na kuyamimina ndani ya mkunjo yakiwa ya moto. Yaliingia maji, ikatoka sabuni. Povu la rangi ya kahawia lilifuata ukingo wote wa boneti na gereji nzima ikasimama kutazama. Tulirudia hadi likatoka jeupe, tukasuuza, tukakausha haraka kabla chuma hakijapata kutu. Nikapuliza praima. Tulisubiri tumeinama. Hakuna jicho hata moja.

"Haya," Shefu alisema. "Sasa peleka ile nusu ingine."

Daktari alipokuja nilimwonyesha boneti, kisha nikafungua mlango wa dereva, nikampa bisibisi na kumwomba aisukume kwenye sakafu ya gari. Ilipita kwenye kutu kama kwenye mkate. Akasukuma mahali pengine, ikapita tena.

"Hapa mawese hayakufika," nilisema. "Milango ilikuwa imefungwa, Daktari, na Mzee Bukuru hakutaka kuvunja kioo chako."

Alibaki amechuchumaa. Mkono mmoja uligusa mfuko wa suruali, ule wenye ufunguo. "Wekeni sakafu mpya," alisema. "Halafu mniambie lini niende Gashoho."

Baadaye nilihamia Muyinga, nikaongoza chumba cha rangi kwa miaka saba, hadi kifua kilipoanza kukataa hewa ya kigumishio, ile kemikali tunayochanganya na rangi za kisasa ili zikauke. Daktari wa hospitali alinipa hiari ya kuchagua kati ya kazi na mapafu. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita, na mkicheka nitawaelewa. Vaeni barakoa, hata kama fundi wenu havai. Mwulizeni kwa nini havai.

Wanaponiuliza siku ipi ya kazi ningependa irudi, nataja ile ya Gashoho. Gari lilikuwa jekundu, linang'aa hadi watoto walijitazama mlangoni. Daktari alisimama mbele ya majirani, akaeleza kila kitu, mawese, sakafu na ufunguo, akasema pia kwamba kwa siku kadhaa alikuwa amemdhania vibaya rafiki yake. Kisha akamkabidhi kamba ya ng'ombe. Mzee Bukuru alishukuru kwa maneno marefu yanayostahili. Akaisogelea boneti, akapitisha kiganja juu yake, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Mvua zinakaribia," alimwambia Daktari. "Lilete nilipake."

"Nitalileta," alisema Daktari.

Nilifungua mdomo nieleze kwamba rangi mpya haihitaji mawese. Shefu alinikanyaga mguu, nikaufunga.