Muuguzi Asiyesifu Watoto

Muuguzi wa wodi yetu ya watoto njiti huwatukana wote. Hupasha viganja joto kwapani, huinamia sanduku la joto, hunyoosha mrija wa hewa, kisha husema kwa sauti ya mtu anayekataa samaki sokoni, “Sura gani hii, kama chura aliyekanyagwa.” Sisi akina mama hucheka. Hapa kwetu mtoto akisifiwa, pepo husikia na kuja kumchukua. Mume wa Kaewta, jirani yangu wa kitanda, alipojisahau akasema binti yake ana macho mazuri, muuguzi alimkatiza: “Shemeji, nenda ukapimwe macho. Huyu ndiye mbaya kuliko wote.” Kaewta alitabasamu siku nzima.

Jana moyo wa binti huyo ulisimama Kaewta akiwa nje ya wodi anajikamua maziwa. Aliporudi alimkuta muuguzi amempakata mtoto, mrija umeshatolewa, anamfuta gundi ya plasta shavuni kwa maji ya uvuguvugu.

“Mdogo wangu,” muuguzi alimwambia, “mtoto wako ni mzuri sana.”

Kaewta aliweka kikombe cha maziwa sakafuni, taratibu yasimwagike, kisha naye akaketi hapo hapo.