Mafuta ya Samaki Safu ya Mbele

Mpaka leo nikipita mbele ya msikiti wa Tingi natembea kama mtu mwenye haraka, na haraka yenyewe sina. Walioniona siku ile wengine wamehama, wengine wamezeeka, lakini aibu yangu haijahama wala haijazeeka, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu atakayeongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba inaingia kwa marobota, nami nikauza suruali pale Nangurukuru mabasi yanaposimama, barabara bado ya vumbi. Lori likipita nahesabu suruali zangu, likipita jingine nahesabu tena (watu hawaaminiki, na mimi nilikuwa mmojawapo wa watu). Vumbi la lori na vumbi la marobota likanikausha macho, nikipepesa nasikia mchanga, na yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha na msokoto wa bangi, mimi ambaye hata sigara sijawahi kuishika.

Sasa wakati huohuo nimeposa. Binti anaitwa Somoe, baba yake Mzee Mfaume, mkulima wa korosho, mtu wa safu ya mbele msikitini. Mshenga wangu alikuwa Shaibu, rafiki niliyepanga naye nyumba kule Tingi, akaenda, akarudi na majibu nusu.

"Mzee hana neno na wewe," akasema. "Ila anauliza, yale macho yana nini? Jibu baada ya Idi. Kwanza anakutazama."

Anakutazama! Na Ramadhani imeshaingia. Nikakimbilia duka la dawa, mama muuzaji akanitolea matone, nikayarudisha, maana sisi tulikuwa tunaambiana tone la jicho linashuka kooni na saumu inakwenda nalo. Nikataka cha kumeza, nimeze usiku. Akatoa kichupa cha vidonge vya mafuta ya samaki, laini, vinang'aa kama shanga, vimetoka ng'ambo.

"Kimoja kila usiku, ukishakula," akaniambia. "Kuna wanaosema vimewasaidia, kuna wasioona tofauti. Na si dawa ya siku moja, baba. Hesabu miezi."

"Miezi mingi hiyo, mama. Nipunguzie."

"Nikupunguzie bei au miezi?"

"Vyote."

Akacheka, akapunguza bei. Nikavihesabu palepale, thelathini, nikavihesabu tena, thelathini, nikaondoka na hesabu yangu nyingine kichwani, kwamba kama kimoja ni miezi, viwili ni nusu ya miezi. Basi nikawa nameza baada ya futari na nameza tena daku, na kila asubuhi naazima kioo cha Shaibu. Mekundu.

Ikafika Ijumaa niliyopanga kukaa ubavuni mwa Mzee Mfaume, anione kwa karibu. Usiku wake nikalala kama gunia, daku ikanipita, nakuja kushtuka adhana imekwisha na mwanga unaingia chini ya mlango. Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Nikaanza kupatana na nafsi yangu kama ninavyopatana na mteja: hiki si chakula, ni dawa, na mwanga wenyewe haujakolea, na maji ni ya kusukumia tu. Nikajishinda bei. Nikatia vinne mdomoni (vya kufidia), nikashushia na kikombe cha maji, na Shaibu huyo mlangoni anatoka msikitini kuswali alfajiri, ananitazama mashavu yamejaa. Akavua kofia, akajilaza. Nikaona yameisha.

Mchana nikaingia safu ya mbele na kanzu iliyopigwa pasi, bega kwa bega na Mzee. Tulipokwenda kusujudu, tumbo tupu na vidonge vinne vya mafuta ya samaki, kitu kikapanda. Cheuo hilo! Harufu ya samaki ng'onda aliyesahauliwa juani ikajaa baina yetu, nikabana mdomo, likatokea puani. Bega la Mzee likasogea. Likapanda la pili.

Baada ya salamu sauti ya nyuma ikauliza, "Jamani, nani kaja na kitoweo?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Ningenyamaza yangekwisha. Lakini ulimi wa biashara haujui kunyamaza.

"Wallahi, Mzee wangu, tangu jana usiku hakijapita kitu kooni mwangu!"

Naye Shaibu, moyo wake mzuri, kaona mwenzake anadhalilika, akainuka kunitetea:

"Kweli si samaki, Mzee! Ni dawa tu ya macho. Asubuhi natoka kuswali, nimemkuta mwenyewe ndiyo anaishushia na maji!"

Shaibu akaziba mdomo wake kwa mkono, tayari umechelewa. Mzee Mfaume akanigeukia polepole.

"Kijana, macho yako yalinitia shaka," akasema. "Mdomo wako umeniondolea."

Imamu akanieleza mbele ya wote: toba, siku moja ya kulipa, na kwa kiapo cha uongo nilishe masikini kumi. (Ulimi, Mungu anisamehe, ukawasha kuuliza kama saba hawatatosha. Safari hii niliuuma.) Na hapohapo machozi yakanijaa, tele, ya kwanza baada ya miezi.

Niliwalisha kumi, niliwahesabu mara mbili. Baada ya Idi, siku niliyofunga kulipa, Mzee akaniita nifuturu kwake, nikaenda najua naenda kukataliwa. Akanisogezea sahani, samaki changu mzima wa kukaanga.

"Leo umekula nini tangu alfajiri?"

"Sijala kitu, Mzee." Sikuapa.

Akanitazama macho yangu mekundu yaleyale, muda mrefu. "Haya, kula. Sasa ni halali yako."

Nikamwoa Somoe. Vumbi najikinga kwa miwani, matone natia, na wallahi, neno hilo sijalitamka tena mbele ya mtu. Hili la hapa nimeliandika tu. Ila kila Ramadhani, daku, mke wangu huniamsha mara mbili.