Hewa Wachafue Wao, Majani Akate Eulalia

Shhhhh. Jua halijaufikia mzabibu hata mmoja, na mabomba yameanza kupumua gesi. Mwanga unapopenya anaonekana Eulalia Zurita, miaka arobaini na minne, mkasi mkononi, kitambaa kimemfunika uso hadi chini ya macho.

Ni Juni, bonde la kati la California. Kipande hiki cha shamba kimezungushiwa mabomba ya hewa ukaa, ili mizabibu ivute leo hewa ambayo dunia itaivuta miaka ijayo. Nayo inaivuta kwa uchu. Machipukizi yanazipita nyaya yanazotambalia, majani yanabanana, mashada yanakosa mwanga na kuanza kuoza. Lazima mtu aingie ayapunguze.

"Watafiti wanapima hewa hii itaufanya nini mzabibu," anasema Eulalia. "Mbona hawapimi itanifanya nini mimi?"

Malipo ni kwa mstari, na bei ni moja. Mstari wa kawaida humchukua nusu saa. Wa gesi, karibu mara mbili. Walioijaza anga moshi hawajawahi kushika mkasi huu. Eulalia hana hata gari.

Eulalia na vibarua wenzake, watu wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, wana desturi yao: ukimaliza mstari wako, usiketi. Unazunguka, unaingia upande wa pili wa aliyechelewa, mnakutana katikati. Eulalia alipofika hapa mara ya kwanza, wifi yake Nereida ndiye aliyempokea hivyo, msimu mzima.

Kwenye gesi ni marufuku. Mstari mmoja, mkono mmoja, vipimo visichanganyike. Nereida amepangiwa gesi tangu mwezi uliopita. Jana nyapara Delfino alimwambia: ukiwa wa mwisho tena, usirudi.

Saa nne asubuhi, Nereida bado yuko nusu ya mstari wake wa mwisho. Eulalia, aliyemaliza wake, anaingia kutoka upande wa pili.

"Wifi, toka!" anasema Nereida. "Utatufukuzisha wote!"

"Kata, nyamaza. Unaongea kama redio, ndiyo maana humalizi."

Delfino anakuja mbio. "We Eulalia! Nimesema mkono mmoja!"

"Basi leta wa kwako."

Kicheko kinapasuka safu ya jirani.

"Huyu mama ni mvivu tu," anasema Delfino, akimwonyesha Nereida kwa kidole.

"Mvivu?" Eulalia anamnyooshea mkasi, mpini mbele. "Kata kutoka hapa hadi nguzo ile, bosi. Ukifika ndiyo utuhubirie uvivu."

Delfino, aliyekata safu hizi hizi kabla ya kupewa gari la shamba, anautazama mkasi. Haupokei.

"Nereida, chukua vitu vyako," anasema. "Nenda."

Nereida anavua glavu. Safu za jirani, mikasi inanyamaza mmoja baada ya mwingine. Wanawake wanatokeza vichwa juu ya majani.

Eulalia anamshika wifi yake mabega, na sauti yake inafika hadi barabarani.

"Nisikilize, Nereida. Kesho tutasimama getini, mimi na hawa wote. Mstari wa gesi ulipwe kwa saa, na wewe uwe wa kwanza kupita lile geti. Bila hivyo sikati hata jani moja humu. Nakuahidi, wifi. Mbele yake huyu, nakuahidi."