Makofi Niliyomnyima Mama

Sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wanne. Niamini kwa sababu kisa chenyewe kinanidhalilisha, na hakuna mwenye akili zake anayejitungia aibu. Yalinikuta hapa hapa Sumbawanga, saa nane mchana, nikiwa sijaonja hata tone la pombe.

Kwanza ujue salamu yetu Wafipa. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, na mwenzako anakujibu kwa makofi. Asipojibu, ni kama amekukana. Mama yangu aliishika desturi hiyo mpaka mwisho. Mara ya mwisho kuonana alinipigia makofi pale mlangoni kwake, nami nilikuwa na haraka zangu, lori la mahindi linanguruma barabarani, naenda Kasesya, mpakani na Zambia. Nikampungia mkono, basi. Siku ya nne, bado nipo kwenye foleni ya forodha, simu ikaita. Nilifika wameshamzika.

Sasa, mama alizoea kutuambia kwamba alipokuwa msichana, mchoraji fulani alipita kijijini akamchora akilima ntumba, yale matuta yetu ya mviringo. Baadaye mchoraji huyo akawa maarufu hadi ng'ambo. Sisi tulikuwa tunamcheka tu. Wewe mama, uchorwe wewe? Na hakuacha hata picha moja ya ujana wake. Kwa hiyo maonyesho ya kazi za mchoraji yule yalipoletwa mjini, binti yangu Skola akaning'ang'ania: "Baba, twende tukamtafute bibi."

Madirisha ya ukumbi waliyaziba kwa vitambaa vyeusi. Mle huangalii picha iliyotundikwa, la, picha yenyewe inakumeza. Mitambo inamwaga rangi kuta zote nne mpaka sakafuni, upepo unavuma kwenye spika, na wewe umesimama katikati ya shamba la ulezi linalotikisika. Mara likaja shamba la ntumba. Msichana ameshika jembe, ametuelekea, uso wake ni mabaka ya rangi tu. Skola akasogea karibu ili amwone vizuri. Mimi nikabaki nyuma, mikono mfukoni, najisemea huyu anaweza kuwa binti wa yeyote.

Ndipo nikasikia makofi kando yangu. Taratibu.

Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, amevaa kaniki, miguu ina udongo mbichi. Ameinama, ananisalimia kwa Kifipa cha zamani. Nikadhani ni mhudumu, wamempamba hivyo kutufurahisha. Watu wenye suti wametuzunguka, vijana wa mjini wanapiga picha. Mimi na umri huu niiname, nimpigie makofi binti mdogo? Nikamwambia, "Poa." Mikono bado mfukoni. Jamani, poa!

Akanitazama. Akasema, kwa sauti ninayoijua kuliko ya kwangu, "Hata leo, baba?"

Nani mwingine aliwahi kuniita baba namna ile? Nikaliona na kovu la moto kiganjani, lile mama alilolipata utotoni. Nikachomoa mikono, nikainama, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Hayakutoa sauti. Yeye ameshageuka, anakwenda zake, akaingia ukutani kama mtu anayerudi shambani.

"Baba, unafanya nini?" Skola akaniuliza. Picha zikazunguka, shamba la ntumba likarudi. Msichana yule yule, jembe lile lile, lakini sasa ametupa mgongo. Skola naye aliona, haki ya Mungu. Akalia pale pale, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kumwangalia bibi yake.

Mpaka leo viganja vyangu ni bubu. Nikigonga mlango unasikika, lakini kiganja kwa kiganja, kimya. Harusini watu hudhani naigiza, wananicheka. Kila Jumapili baada ya misa naenda kaburini, nainama, napiga mpaka mikono inawaka moto. Hakuna kitu. Skola husimama nyuma yangu, akichoka kunitazama hunipigia yeye, na hapo ndipo machozi yanaponitoka.

Wewe unayenisikiliza, mama yako akitoka mlangoni kukusalimia, zima lori kwanza. Shuka. Mwitikie.