Poda ya Mtoto Kichwani

Nywele zangu ni za kulala. Kuna watu nywele zao zinasimama zenyewe, ukipitisha kitana zinapigana nawe. Zangu ni laini na chache, zimelala juu ya fuvu kama nyasi iliyolaliwa na ng'ombe usiku kucha. Na juu ya kulala, zinachuruzika mafuta.

Hayo mafuta ni ya mama yangu. Alinilea Muthara, kwenye upepo na vumbi, na kwake mtoto asiyepakwa mafuta ni mtoto asiye na mama. Nilipakwa kabla ya shule, nikapakwa kabla ya kanisa, nikapakwa nikiwa na homa. Nywele za binamu zangu ziliyanywa yale mafuta yakaisha. Zangu ziliyakataa. Ikifika Januari, jua likianza kuwaka kwa hasira, mafuta yote yalianza safari: paji la uso, nyuma ya masikio, kola ya shule. Darasa la saba nilikuwa naketi dawati la mwisho, na pale nilipozoea kuegemeza kichwa kukatokea doa la duara ukutani. Siku mwalimu alipouliza ni nani anayepaka ukuta mafuta, darasa zima liligeuka kuniangalia bila kuulizana. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani nililia ndani ya banda la mbuzi.

Ningeacha mafuta, utasema. Ai, rahisi hivyo? Nilikuwa nimeaminishwa kwamba nywele kavu ni za mtu ambaye hajali. Nikawa mtu mzima, nikaanza kuuza nafaka soko la Gakoromone, na bado kila asubuhi mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo. Nikaweka dawa ya kulainisha, eti nifanane na wengine, zikalala zaidi. Nikasuka rasta, zikateleza zikaanguka moja moja sokoni, mteja akaniokotea moja akanirudishia kwa heshima kabisa. Asante, nikamwambia. Ningesema nini?

Pale Gakoromone ndipo nilipompata mume wangu. Alikuwa akileta ndengu kutoka Kiritiri, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka ya kusema. Aliniletea ndengu msimu mzima kabla sijajua kwamba kuna wanunuzi wengine waliokuwa tayari kumpa bei nzuri kuliko yangu. Siku moja ya joto tuliketi kwenye magunia tukingoja mvua ambayo haikuja, nami, kwa uchovu na kwa kumpenda, nikalaza kichwa begani kwake. Alikuwa amevaa shati jeupe. Nilipoinua kichwa nikaona nilichokifanya: doa la mafuta, kubwa kama chapati ndogo, limekaa begani kama muhuri.

"Haiya, pole!" nikasema.

"Ni shati tu," akasema, akaenda nalo hivyo hivyo mpaka kwao.

Wiki iliyofuata aliniambia akicheka kwamba mama yake alilifua lile shati kwa sabuni ya kipande, akalianika, akalifua tena, doa likakataa. Mwishowe akamwuliza, "Kwani wewe siku hizi unabeba nyama begani?" Yeye alicheka. Mimi nilihisi uso ukiwaka. Mama wa watu hajaniona hata kwa picha, na tayari ananijua kwa mafuta.

Kwa hiyo mahari ilipopangiwa Februari, nyumbani kwetu Muthara, mimi sikuwaza mbuzi wala asali. Niliwaza kichwa. Mama yake atakuja kutoka Kiritiri, ataketi mbele yangu, ataangalia nywele zangu. Nilitaka zisimame siku hiyo moja tu. Nilitaka aseme moyoni, kumbe mwanangu amepata mtu.

Nikaenda kwa msusi mmoja pembeni mwa soko. Alinishika kichwa kama anayepima embe, akaguna.

"Dada, wewe huna shida ya nywele. Una shida ya mafuta. Kwani unakaanga nini humu?"

Nikajifanya naangalia kioo chake.

"Wacha mafuta kabisa. Osha mizizi mara mbili mpaka ukisugua isikike kwi kwi. Kausha na draya ukiwa umeinamisha kichwa chini, ndiyo zikirudi juu zirudi zikiwa zimesimama. Halafu usizishikeshike, mikono yenyewe ina mafuta. Zikianza kulala, weka poda kidogo kwenye mizizi, itakunywa yale mafuta. Kidogo, dada. Si unga wa chapati huo."

Hayo yote alinifundisha vizuri na yote ni kweli, nayatumia mpaka leo. Kosa halikuwa lake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifanya kila kitu alichosema. Na woi, zilisimama! Nilijiangalia kwenye kioo nikaona mwanamke mwenye kichwa kikubwa, kichwa chenye heshima zake. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia. Binamu yangu, aliyekuwa amesukwa mistari ya kawaida, akaniambia nimekuwa kama mtangazaji wa runinga. Nilikaa na furaha hiyo mpaka jua lilipopanda juu ya mabati. Nikaanza kutoka jasho. Nikagusa utosini nikahisi zinashuka, taratibu, kama mandazi yaliyotolewa mapema. Nikashikwa na wazimu. Poda niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto, nimeinunua dukani pale kituoni. Nikanyunyiza kidogo. Nikanyunyiza tena. Mlio wa magari ya wageni ulipofika getini, nilikuwa nimegeuza mkebe juu chini na ninaupiga matako.

Sasa, kwetu na kwao pia kuna mchezo siku hiyo. Bibi harusi hufichwa katikati ya wasichana wengine, wote wanafunikwa leso zinazofanana kuanzia utosini mpaka ardhini, hata viatu visionekane. Mwanamume anapita mbele yao aonyeshe ni yupi wake. Akikosea anatozwa faini ya mbuzi na anachekwa vibaya sana. Na msichana haruhusiwi kusema neno wala kukohoa. Ni mchezo, lakini si mchezo. Wazee wanaangalia. Mtu akikosa kumjua mke wake mwenyewe, maneno hayo yanamfuata.

Tulipangwa mstari uani. Chini ya leso kulikuwa na giza la moto. Jasho lilikutana na poda, nikahisi kitu kizito, cha baridi kidogo, kikianza kuteremka kutoka kwenye nywele kuja kwenye nyusi. Kilikuwa uji. Nilikuwa napika uji kichwani. Sikuweza kufuta, kwa sababu mkono ukisogea tu nimejifichua.

Nikasikia hatua zake. Nazijua hatua zake, hana haraka. Akafika mbele yangu, akasimama. Nikashika pumzi. Halafu akaenda mbele. Akarudi kutoka upande ule mwingine, akanipita tena, safari hii bila hata kusimama. Nikasikia sauti yake, ina uhakika kabisa: "Ni huyu."

Leso ikavutwa. Vicheko vikalipuka, wanawake wa kwetu wakapiga vigelegele vya kejeli. Nikasikia wakimwita binamu yangu; ndiye aliyemchagua.

"Mbuzi! Mbuzi!" wakaimba. "Hamjui wake!"

Siwezi kueleza vile nilivyojisikia humo ndani. Amenipita mara mbili. Mtu niliyelala begani kwake. Nikaona aibu yake na yangu zikichanganyika, nikatamani ardhi ipasuke inimeze mimi na leso yangu.

Akapewa nafasi ya pili, na shangazi yake akaruhusiwa kumsaidia macho. Shangazi huyo sikuwa nimemwona bado, lakini nilimsikia akija, mwanamke wa sauti kubwa, anapumua kwa nguvu. Alipofika kwangu alisimama. Akavuta pua. Akavuta tena.

"Hapa kunanukia mtoto," akasema.

Watu wakacheka kidogo.

"Hapana, mimi sicheki," akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa maana Kimeru chetu na Kimbeere chao haviendi mbali pamoja, na alitaka kila mtu asikie. "Hii ni harufu ya mtoto mchanga. Nimelea saba, naijua. Wazee, kuna mtoto hapa ambaye hatukuambiwa?"

Uani pakanyamaza. Hata mbuzi wa faini alinyamaza. Mtu asidhani hilo ni swali dogo. Mtoto si dhambi, wengi wanaolewa na watoto wao na wanapendwa. Lakini mtoto anayefichwa siku ya mahari ni uongo wa ukoo mzima. Nilisikia kiti cha baba kikikwaruza chini. Nilimsikia mzee wa upande wao akisema polepole kwamba basi ni vizuri watu waketi kwanza, waulizane. Nilimsikia mama yangu, mama wa mafuta, akisema "Ngai!" kwa sauti ya mtu aliyechomwa.

Yeye, mpenzi wangu, sikumsikia kabisa.

Nikapiga kelele.

"Hakuna mtoto! Ni poda! Nimejipaka poda ya mtoto kwenye nywele ndiyo zisilale!"

Nikaitupa leso mwenyewe.

Sijui walikuwa wakitarajia kuona nini. Walichokiona ni mimi, uji mweupe ukiteremka kwenye paji la uso, umejaa kwenye nyusi, umeshuka na kufuata pua mpaka kwenye mdomo, na juu yake nywele zilizoganda vipande vipande kama kuku aliyenyeshewa. Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu mtoto mmoja akasema, "Amemwagikiwa na uji," na hapo ndipo uani mzima ulipoanguka. Watu walishikana mabega. Shangazi yule aliketi chini kabisa, akipangusa machozi, akisema, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe, lakini unanukia kama wa miezi mitatu." Wazee wakaanza kubishana kama bibi harusi aliyejitaja mwenyewe anahesabiwa amepatikana au amekosekana, na mbuzi wa pili ni wa nani.

Mimi nilikimbia nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

Niliinama pale nikijaribu kujiosha, na ile poda kadiri ninavyoimwagia maji ndivyo inavyozidi kunata. Mkono ukanishika kisogo. Haukuwa wa mama yangu. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, wa mtu aliyelima mawe.

"Inama vizuri," sauti ikasema. "Sabuni iko wapi?"

Nikajua ni nani. Kwa siku nyingi nilikuwa nimejiandaa kukutana na mama huyu, nimepanga hata jinsi nitakavyotabasamu. Sasa alikuwa ananisugua kichwa kwa sabuni ya kipande kama anayeosha sufuria, nami nimefumba macho, matako juu, natiririka.

"Basi ni wewe wa shati," akasema.

"Ni mimi, mama." Nililia. Sikuficha. "Pole kwa hilo shati."

"Nilifua mpaka nikachoka." Akanimwagia maji. "Kwetu kuna joto kuliko hapa, unajua? Kwetu hata poda haitakusaidia. Utafunga leso kama sisi wengine."

Hakunibembeleza zaidi ya hapo. Alinikausha kwa leso yake aliyokuwa amejifunga kiunoni, akanigeuza, akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. Nywele zilikuwa zimelala kabisa sasa, zimeshika fuvu, maji yakidondoka masikioni. Hakuna kitu nilichobaki nacho cha kumwonyesha. Akaguna tu, akanisukuma mgongoni nirudi.

Na ilikuwa lazima nirudi, kwa sababu msichana ndiye anayempa mwanamume kibuyu cha uji, ndipo watu wajue amekubali. Nikakipokea kibuyu kwa mama yangu, ambaye hakuthubutu kuniangalia asije akacheka, au akalia. Nikatembea katikati ya uani na kichwa changu kile cha kila siku. Watu walikuwa bado wanaguna guna kwa vicheko. Nilihesabu kokoto za chini ili nisione uso wa mtu.

Nikapiga goti mbele yake, nikanyoosha kibuyu. Hakukipokea mara moja. Nikafikiri, amekataa. Nikafikiri, ana haki.

"Nilikupita mara mbili," akasema chini chini, sauti ya kunisikizisha mimi peke yangu.

"Najua."

"Nilikuwa natafuta kichwa kidogo. Niliwaambia wazee wetu njiani siwezi kukikosa, hata mkifunika na blanketi." Akavuta pumzi. "Nikaona pale kichwa kikubwa, nikasema huyu si wangu."

Nikasogeza kibuyu karibu naye.

Kulikuwa na joto kali, na alikuwa amevaa koti zito tangu asubuhi, koti la kukodi. Akalivua, akamkabidhi shangazi yake, ili apokee kibuyu kwa mikono miwili inavyotakiwa. Ndipo nikainua macho. Ndani ya koti alikuwa amevaa lile shati jeupe, limepigwa pasi vizuri, na begani, mbele ya wazee wa pande zote mbili, lile doa langu.